Tanga haikuanza na Mjerumani

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni, wadogo zangu mambo vipi.

Walionialika wameniambia niongelee historia ya miji ya mkoa wetu na alama zake, yani zile sehemu ambazo mgeni akishuka stendi ya Kange anauliza zipo wapi aende akapige picha. Nimekubali bila kujivuta maana hili jambo linaniuma, na nimelifundisha darasani mpaka nimestaafu bado linaniuma. Naomba tu mnivumilie, ntapanda milimani ntashuka pwani alafu ntapanda tena, mkoa wenyewe ndo ulivyo, huwezi kuiongelea Tanga mjini ukaiacha Lushoto wala huwezi kuigusa Pangani ukairuka Korogwe, miji hii imefungwa pamoja na mto na reli.

Kinachoniuma ni hiki. Muulize kijana yeyote wa hapa akueleze historia ya Tanga, neno la kwanza ni Mjerumani. Mjerumani alijenga reli, Mjerumani alileta mkonge, Mjerumani alijenga boma, Mjerumani alianzisha bustani ya Amani, Lushoto iliitwa Wilhelmstal kwa jina la mfalme wa Ujerumani. Sikatai, yote hayo yalifanyika na majengo yapo tunayaona. Lakini hebu pigeni hesabu. Wajerumani wameshika pwani hii mwishoni mwa miaka ya 1880, na Julai 1916 Waingereza wakaingia Tanga mjini, basi. Haifiki hata miaka 30. Watu wameishi hapa mamia na mamia ya miaka, wamejenga kwa mawe, wametawala milima, wamefanya biashara na dunia, alafu tukiulizwa sisi ni nani tunataja hiyo miaka 30, na hata ndani ya hiyo miaka 30 tunamtaja aliyesimamia kazi, aliyeifanya hatumtaji.

Twende Tongoni. Ukitoka mjini kwa njia ya Pangani ni kama kilomita 17 tu, hata bodaboda anakufikisha. Pale kuna msikiti wa mawe wa zamani na makaburi ya nguzo, makaburi ambayo yamejengewa mnara juu yake, na ukitembea pwani yote ya Afrika Mashariki hutakuta sehemu nyingi yamekusanyika kama pale. Ni mji wa zaidi ya miaka 500 iliyopita. Watu wake walikuwa wanakata matumbawe baharini, wanachoma chokaa, wanajenga, wanauza na kununua na Kilwa huko na Malindi na ng'ambo ya bahari. Alafu ukifika unaambiwa nini? Unaambiwa hapa alipita Vasco da Gama. Ni kweli alipita, Aprili 1498 meli yake moja, São Rafael, ilikwama kwenye fungu hapa mbele ya Mtangata, yani huku huku Tongoni, maji yalipokupwa, na Januari 1499 wakati anarudi kutoka India akaja kuichoma moto hiyo hiyo meli maana mabaharia wake walikuwa wamekufa wengi kwa ugonjwa na waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote. Historia nzuri sana, mi naipenda. Ila kuna kipande ambacho kwa mkoa huu ndo kingetangulia, na hakisemwi. Meli ilipokwama watu wa hapa walitoka na mitumbwi wakawapelekea machungwa, na mwenyewe yule Mreno aliyekuwa anaandika habari za safari akaandika kuwa machungwa yale ni mazuri kuliko ya Ureno. Machungwa, jamani. Leo ukipita Muheza msimu wa machungwa malori yamejaa barabara nzima. Mimi mwalimu wa Muheza ningemwanzishia mtoto historia hapo, kwenye watu waliokuwa na mji, na msikiti, na mashamba, na wakamuona mgeni amekwama wakamletea chakula. Vasco da Gama aje baadae.

Na kuna alama ambazo hazina jiwe hata moja na ndo maana hakuna anayezitaja. Vuga. Wasambaa mliopo hapa mnajua naongelea nini. Pale juu ndo palikuwa makao makuu ya Wakilindi, ukoo wa kifalme uliotokana na Mbegha, mwindaji aliyetoka huko Unguu, na masimulizi ya namna alivyopokelewa na Wasambaa kwa sababu alikuwa anaua nguruwe waharibifu wa mashamba na kuwagawia watu nyama, hayo mmeyasikia kwa bibi zenu. Lakini Vuga sio hadithi tu ya kulalia. Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki 1862, alitawala kutoka milimani mpaka watu wa pwani wakawa wanamtambua, alikuwa anagawana mamlaka ya hii pwani na Sultani wa Zanzibar, yani jumbe wa mji wa bahari anapokea baraka kutoka mlimani. Wazungu walipokuja kina Krapf, kina Burton, ilibidi wapande wakamsalimie Kimweri huko huko juu. Mji wa Vuga ulijengwa kwa miti na nyasi, baada ya Kimweri kufa ndugu wakapigana, mji ukachomwa moto, Semboja, mtoto wa Kimweri, akakaa zake chini Mazinde kwenye njia ya biashara, Wabondei nao wakawafukuza Wakilindi kwao. Nyasi zikiungua hazibaki gofu. Kwa hiyo leo mgeni anapelekwa Irente kutazama mandhari ya Mazinde kule chini, mandhari ni mazuri sana kusema kweli, lakini hakuna anayemwambia kwamba ile tambarare anayoitazama ndo ilifanya nguvu za ufalme zihamie chini, maana misafara ya pembe na bunduki ilikuwa inapita pale, na aliyekaa njiani ndo alipata bunduki.

Misafara yenyewe ilikuwa inatokea Pangani. Wanapangani mko wapi? Karibuni sana. Mji wenu leo watu wanauona mdogo, kivuko na samaki na nazi, lakini miaka ya 1800 Pangani ilikuwa mlango, msafara ukienda Kilimanjaro na Umasaini unaanzia pale, pembe zinashukia pale, na kando ya mto kulikuwa na mashamba ya miwa yaliyokuwa yanalimwa na watumwa, nalo hili tuliseme wazi maana wale watumwa ni babu zetu pia na wajukuu zao wapo. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ikaja na mkataba wake na Sultani, ofisa wao Emil von Zelewski akafika Pangani mwezi wa nane akataka bendera ya kampuni ipande na yeye ndo aamue mambo ya mji. Watu wakakataa. Walioinuka walikuwa wa kila aina, waungwana wa mjini, wapagazi, watu wa bara waliokuwa wameshuka na misafara, na kati yao akatokea Abushiri bin Salim, au Bushiri, mwenye shamba la miwa hapo hapo Pangani. Vita ikashika pwani yote mpaka Bagamoyo na kusini, mpaka serikali ya Ujerumani yenyewe ikamtuma Wissmann na jeshi la kukodi. Bushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Sasa mtu akienda Pangani leo anaonyeshwa boma, anaonyeshwa jengo la forodha, anaambiwa na Bushiri alinyongwa hapa, kwisha. Kwa nini watu walikataa? Walikuwa wanapoteza nini? Mji ulikuwa unaendeshwa vipi kabla ya Zelewski? Hayo ndo ya kueleza. Mnyongwaji tumemjua, mji tumeusahau.

Nije kwenye reli, na hapa naomba wazee wa reli mniwie radhi nikikosea istilahi. Reli ya kwanza kuanza kujengwa katika nchi hii ni ya kwetu. Juni 1893 wameanza hapa Tanga, 1896 wamefika Muheza, yani miaka mitatu kilomita 40 tu, kampuni ikaishiwa hela, 1899 serikali ya Wajerumani ikaichukua, 1902 Korogwe, 1905 Mombo, 1911 Moshi. Kilomita 350 na kitu. Tazama ramani utaona kwamba miji yetu nusu yake imepangwa na hiyo reli, Muheza ile ya stesheni, Mnyusi, Korogwe ya Manundu, Mombo, hizo zote zimekua kwa kuwa treni ilisimama pale, na mahali ambapo treni haikupita, Handeni kwa mfano, pakabaki pembeni muda mrefu pamoja na kwamba Uzigua ulikuwa na watu na biashara zamani sana. Yule mzee pale nyuma anatikisa kichwa, mzee wangu ntakupa nafasi, najua wewe wa Mkata.

Lile tuta nani alilirundika? Nani alibeba mataruma na vyuma? Ni watu wetu wa hapa na watu waliotoka mbali, Unyamwezi, Usukuma, waliotembea kwa miguu kuja kufanya kazi ya Mzungu huku Tanga. Na wengine hawakuja kwa kupenda. Kuanzia 1907 kule Wilhelmstal, ambayo ndo Lushoto, kila mwanaume alipewa kadi, na ndani ya miezi minne lazima awe ametimiza siku 30 za kazi kwa mlowezi. Kadi isipojaa unakamatwa unapelekwa kazi ya lazima. Ndo mashamba ya kahawa na mpira ya milimani yalivyopata watu. Mi kila nikipita Soni kupanda Lushoto, ile barabara ya kona kona ambayo kila mtu anaisifia, namfikiria yule Msambaa mwenye kadi ana shamba lake la mahindi linaota magugu na yeye anahesabiwa siku kwa mwingine.

Mkonge sasa. Hii kila mtu anaijua nusu. Mjerumani Richard Hindorf, 1893, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kupitia Hamburg, ikafika Tanga imebaki 62 hai, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Kutokana na hiyo miche 62 tukaja kuwa nchi inayoongoza duniani kwa mkonge, 1964 Tanzania ilizalisha kama tani 230,000. Tanga ikawa mji wa pili kwa ukubwa Tanganyika nzima. Majengo ya ghorofa pale mjini, maktaba, zile nyumba za Raskazone, bandari, umeme wenyewe wa maporomoko ya Pangani, vyote nyuma yake kuna singa, yani nyuzi, za mkonge. TANESCO mnayoijua leo ilianza 1931 kama kampuni ya umeme wa huku kwetu, Dar walikuwa na kampuni yao nyingine.

Hiyo nusu nyingine ni manamba. Hao ndo walikata huo mkonge. Waha kutoka Kigoma, Wangoni kutoka Songea, Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma, Warundi, Wanyarwanda, Wabena. Wenye mashamba walianzisha ofisi maalum ya kuwakusanya, SILABU, mwaka 1944, mtu anaandikwa kwao anapewa namba anasafirishwa siku kadhaa anafika Ngomeni au Magunga au Mazinde anapewa panga na kipimo chake cha kazi. Miiba ile mnaijua. Maji ya korona, ile mashine ya kusindika mkonge, yanavyowasha ngozi mnayajua. Kambi zilikuwa ndefu za vyumba vimebanana. Wengine mikataba ikaisha wakarudi, wengine wakabaki wakaoa hapa, na ndo maana Tanga leo ukimuuliza mtu kabila lake anakwambia Muha alafu Kiswahili chake ni cha Ngamiani kabisa na hajawahi kufika Kigoma. Hao ni Watanga. Nataka tuliseme hili kwa sauti maana kuna watu bado wanaambiwa "nyie wa kuja", wakati nyumba wanazopangisha wenye kusema hivo zimejengwa na pesa ya jasho la hao hao wa kuja. Na hawakuwa watu wa kukubali kila kitu, wafanyakazi wa mashamba waligoma sana miaka ya mwisho ya 1950, na kabla yao makuli wa bandari hapa Tanga waligoma 1939, vita ya dunia inakaribia kuanza.

Bei ya mkonge ilipoporomoka baada ya kamba za plastiki kuja, na mashamba yalipotaifishwa 1967 na baadae uzalishaji ukashuka mpaka miaka ya 1990 ni kama tani 20,000 kwa nchi nzima, watu wakasema Tanga imelala. Tumeitwa mji uliolala mpaka wenyewe tukazoea. Bei ililala, viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine na cha mbolea kikiwemo, hilo ni tatizo la uchumi na liliumiza familia nyingi sana. Watu hawakulala.

Amani ntapita kwa haraka maana mama mmoja hapa amefanya kazi kule ataeleza vizuri kuliko mimi. Kituo cha utafiti kilianza 1902, wakaleta mimea kutoka dunia nzima, kwinini ya kutibu malaria wakati wa vita ya kwanza ilitengenezwa kule, na wakati wa Mwingereza ndo kulifanyika kazi kubwa ya kupata mihogo inayostahimili batobato na michirizi ya kahawia, magonjwa ambayo hata leo yanasumbua wakulima wa ukanda huu wote. Na kuna lile ua la zambarau la Usambara, liko kwenye madirisha ya nyumba Ulaya na Marekani, lilipelekwa na mkuu wa wilaya wa Kijerumani hapa Tanga mwaka 1892, anaitwa Saint Paul, likapewa jina lake. Sawa. Ila aliyemuongoza msituni, anayejua njia na mwamba upi una maji, jina lake halipo popote. Kule Amani vizazi na vizazi vya wenyeji wamefanya kazi ya kukusanya mimea, kukamata mbu, kutunza vitalu, wanajua majina ya miti ya msitu ule kwa Kisambaa kuliko kitabu chochote, na wazee hao wanakufa mmoja mmoja.

Vita ya Novemba 1914 hii tusiipite. Waingereza walikuja na meli kutoka India na wanajeshi kama 8,000, wakashuka Raskazone pale. Upande wa Wajerumani kamanda wao von Lettow alikuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari weusi, na wengi alikuwa amewaleta kwa treni kutoka Moshi, reli ile ile iliyokuwa imemalizika miaka mitatu tu kabla. Wakapigana kwenye mashamba ya mpira na minazi na mpaka ndani ya mitaa. Nyuki nao wakatoka kwenye mizinga wakawashambulia, na ndo kitu pekee ambacho watu wanakikumbuka, vita ya nyuki. Tarehe 5 Waingereza wakapanda meli wakaondoka, wameacha bunduki na risasi chungu nzima, na zaidi ya watu 800 wameuawa au kujeruhiwa.

Waliokufa ni kina nani? Sehemu kubwa ni Wahindi, vijana wa vijijini kwao walioletwa kupigana mahali ambapo hawakuwahi kusikia jina lake. Upande wa pili ni askari wa bara na pwani. Vita ya watu wa Ulaya, makaburi ni ya kwetu na ya India. Makaburi yapo hapa mjini, ya Wajerumani yana majina, na mi nawaomba walimu mnaopeleka wanafunzi pale msiishie kwenye stori ya nyuki, inafurahisha watoto najua, lakini muwaulize yule askari alitokea kijiji gani na wapagazi waliobeba mizigo ya vita ile miaka minne mfululizo wamezikwa wapi.

Kitu ambacho mi najivunia kuliko vyote, kuliko boma, kuliko mapango ya Amboni, ni kwamba huu mkoa umeandika. Shule ya serikali ilifunguliwa Tanga 1892. Gazeti la Kiswahili, Kiongozi, lilikuwa linachapwa hapa hapa shuleni Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1900 na linasomwa mpaka bara. Kule Magila, Muheza, wamisionari na walimu Wabondei walikuwa na gazeti lao hata kabla ya hapo. Yani wakati wengine wanadhani Tanga ni mkonge tu, kuna watu wa hapa walikuwa wanaandika barua kwa mhariri, wanabishana kwa mashairi, wanajibizana kwa utenzi. 1922 Martin Kayamba, karani, akaanzisha hapa Tanga chama cha Waafrika watumishi wa serikali, miaka saba kabla ya African Association ya Dar es Salaam, ile iliyokuja kuzaa TANU. Watu wakisimulia safari ya uhuru wanaanzia Dar, wanapita Tabora, na wakikumbuka wanataja Tanga mwishoni. Iwekeni mwanzoni.

Na Shaaban Robert, alizaliwa 1909 Vibambani, Machui, akafariki 1962 na kaburi lake lipo huko huko Machui. Njia ile ile ya kwenda Tongoni na Pangani. Nchi nzima inamsoma shuleni, Kenya wanamsoma, na mimi nimekutana na wanafunzi waliozaliwa Makorora na Mabawa hawajui kwamba kaburi lake ni nauli ya daladala tu kutoka kwao. Hilo linanitoa machozi kwa kweli.

Ukitaka kumjua Mtanga ni nani, mi nakwambia ingia Ngamiani, zile barabara za namba, jioni. Utasikia Kidigo na Kisegeju na Kibondei na Kisambaa na Kizigua na Kiha, utasikia adhana na kengele, utakuta mama anauza bada na samaki wa kupaka, kijana amevaa jezi ya Coastal Union bado anakusimulia ubingwa wa 1988 kama alikuwepo uwanjani Mkwakwani, na kaka yake wa African Sports anambishia. Muziki hapa ulikuwa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, taarabu ilikuwa Black Star na Lucky Star, na Bi Shakila ametokea mkoa huu. Waja leo waondoka leo, ndo tunavyojiita, ila wengi wakija hawaondoki na hao nao wana haki ya kusema Tanga ni yao.

Sasa kwa nini nayasema haya mwaka huu na sio mwaka mwingine. Kwa sababu mji unabadilika mbio. Bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, mwisho wake ni Chongoleani hapa Tanga. Bandari imepanuliwa. Ardhi inapanda bei. Wageni wanakuja na wataendelea kuja, karibuni sana, lakini mgeni anapouliza hapa ni wapi jibu letu liwe limeandikwa. Nyumba za zamani za mjini zinabomolewa, milango ya kuchonga inauzwa, msikiti wa kale unaota mti katikati ya kibla, kisiwa cha Toten kina magofu na makaburi wengi wenu mnakitazama kila siku kutoka ufukweni hamjawahi kukanyaga. Na kule Maziwe mbele ya Ushongo, kisiwa kilichokuwa na miti na kasa wanataga, leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa, hakuna aliyebomoa, bahari imekula. Kisiwa kile wazee wa Pangani wanakikumbuka kikiwa kijani. Wakiondoka hao, hakuna atakayekumbuka.

Mimi sitaki tung'oe vibao vya Wajerumani. Vibaki. Nataka pembeni yake viongezwe. Pale stesheni kuwe na kibao cha waliojenga tuta, na makabila yao. Ngomeni kuwe na kibao cha manamba. Vuga kuwe na ramani ya mji ulioungua. Pangani waeleze mji kabla ya bendera. Tongoni waanze na wenye mji. Na machungwa yatajwe. Hii haihitaji mfadhili wa kutoka nje, mbao na rangi zipo hapa hapa, mafundi wapo, kinachohitajika ni maneno sahihi ya kuandika, na maneno hayo yako vichwani mwa hawa wazee waliokaa mstari wa mbele.

Kwa hiyo vijana wangu, nyie wa simu, leo mna kazi. Nimeongea na walimu wenzangu, tumepanga kuanza na mashamba ya mkonge ya Muheza na Korogwe maana waliofanya kazi enzi za mkataba wamebaki wachache mno. Maswali ni mepesi, ulitoka wapi, ulikuja na nani, ulipanda nini kufika, ulilipwa vipi, ulilala wapi, mlikuwa mnaimba nini shambani, wenzako waliofia hapa wamezikwa upande gani wa shamba. Andika jina kama anavyolitamka yeye, usimrekebishe. Ukimaliza mpelekee mwalimu wa historia wa shule ya karibu anakili kwenye daftari, maana simu inaibiwa.

Na hatungoji kesho. Kuna bibi yetu hapa ametoka Ngomeni asubuhi hii na daladala, baba yake aliletwa kutoka Kasulu akiwa kijana, yeye amezaliwa kambini na amefanya kazi ya kuanika singa mpaka amepata wajukuu. Mimi nimeshaongea sana. Washeni simu zenu, wa nyuma sogeeni huku mbele msikie. Karibu bibi, shikamoo, kiti chako ni hiki.